Wakili Aliyemeza Kahawa

Placidius Rwegoshora alikuwa na ndugu wengi kuliko mama yake alivyozaa. Mama yake, kule Kamuli, alijaliwa mtoto huyo mmoja tu aliyefika utu uzima. Lakini ukiongozana na Placidius kutoka Omurushaka kwenda Mabira, hamwendi mbali kabla hajatokea mtu mzima kwenye migomba, akamkumbatia na kumwita "munywani wangu", jina ambalo waliochanjiana damu huitana. Placidius angeitikia kwa kicheko kikubwa huku mkono mmoja umeshika tumbo. Wageni walidhani anaumwa tumbo, na hawakukosea sana.

Watu walimwita Wakili. Mwenyewe alilipenda jina hilo mno, ingawa hakuwahi kuvaa joho wala kuiona shule ya sheria hata kwa mbali. Miaka ile ya thelathini mtoto wa mkulima wa Karagwe angeisomea wapi sheria? Alichokuwa nacho ni shule ya misheni, mwandiko wa kupendeza na miaka yake ya ukarani katika baraza la gombolola. Hapo alikaa pembeni ya Mwami, yule aliyetawala sehemu ile ya nchi chini ya chifu, akiandika kila neno la washitaki na washitakiwa. Alijua mzee gani hulegea akisifiwa na yupi hupanda hasira akibembelezwa. Kisha akaja Mwami mwingine na mpwa wake wa kushika kalamu, na Placidius akatoka pale mikono mitupu, kichwa kimejaa kesi za watu.

Angefungua duka. Angerudi Kamuli kupalilia kahawa. Lakini ulimi uliozoea baraza haukai kimya, naye akaanza kuwafundisha watu jinsi ya kujitetea. Shida ikawa kwamba mtu anafundishwa jioni, akisimama mbele ya Mwami asubuhi anasahau yote, anabaki kukuna kichwa. Na serikali ya Mwingereza ilikuwa imeweka sharti kwamba mawakili wasikanyage mabaraza ya wenyeji. Mwenye kesi ajisemee, na akishindwa asemewe na mtu wa nyumba yake, yaani mume, mke, mlezi au ndugu. Ni sharti zuri kwa mwenye ulimi mwepesi.

Mutalemwa wa Mabira hakuwa na ulimi mwepesi. Alikuwa na kigugumizi kilichomshika hasa alipotazamwa, na mwaka 1938 alitazamwa na baraza zima. Mzee Kaijage, tajiri wa upande ule, alidai kwamba kibanja cha Mutalemwa, migomba yake, kahawa yake na nyumba, vyote vimo ndani ya nyarubanja yake. Nyarubanja ni shamba la bwana mkubwa ambalo wengine hulilima kama wapangaji, na kila mwaka humpelekea bwana pombe na mikungu kuonyesha kwamba wanamtambua. Ni kweli Mutalemwa alimpelekea mzee Kaijage kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kila mwaka, kama baba yake alivyofanya. Mzee alisema hiyo ni kodi. Mutalemwa alitaka kusema kwamba ni ujirani mwema, lakini neno "ujirani" lilimkwama kooni na watu wakacheka.

Placidius akasimama amsaidie. Mwami akamtazama juu hadi chini. "Wewe ni nani wake?"

"Ni rafiki yake, waitu."

"Rafiki keti. Nimeuliza ndugu."

Baraza likaahirishwa, na Placidius hakurudi nyumbani. Alifuatana na Mutalemwa hadi Mabira kwa miguu, njia nzima anawaza, na walipofika uani akasema, "Tufanye omukago. Tuone kama watanikatalia."

Huo ndio undugu wa damu wa wazee wetu, na hakuna mwenyeji wa Karagwe asiyejua uzito wake. Huchukuliwa tunda moja la kahawa, likapasuliwa, nusu kwa nusu. Kila mmoja huchanjwa karibu na kitovu, akaipaka nusu yake damu, akampa mwenzake ameze. Na maneno husemwa: nikija uchi utanivika, nikija na njaa utanilisha, nikifa utawalinda watu wangu, na ukinigeuka tumbo lako livimbe mpaka upasuke. Aliyelichuma tunda lile siku hiyo ni Kokubanza, mke wa Mutalemwa, aliyekuwa na mimba. Alizunguka mibuni yake akichagua kama anayechagua mbegu, akarudi na tunda moja jekundu lisilo na doa, akaliweka kwenye kiganja cha Placidius.

"Shemeji, hili ndilo bora nililonalo," alisema.

Baraza lilipokaa tena, Mwami akauliza lile lile. Placidius akapandisha shati. Wazee wakainama kuangalia kidonda, wakanong'onezana, wakakubali kwamba damu ni damu. Basi akasema! Alisema mpaka wazee wakasahau njaa. Walipoamua kwamba kibanja ni cha Mutalemwa, yeye ndiye aliyewaomba waongeze neno, "na cha uzao wake wote, wa kike na wa kiume", kwa sababu alikumbuka ile mimba. Wazee wakaongeza. Karani mpwa wa Mwami, mvivu wa kalamu, akaandika jina la mshindi tu na kufunga kazi.

Hivyo ndivyo uwakili ulivyoanza. Kila mwenye kesi nzito na ulimi mzito alimjia Placidius, wakameza kahawa, na wiki iliyofuata akawa ndugu wa mtu mwingine mbele ya Mwami. Ujanja huo ulimpendeza hata akausahau uzito wake. Jumapili alipokea komunyo kama kawaida. Padri alikuwa amekataza mambo hayo waziwazi, kwa hiyo Padri hakuambiwa. Xaveria mkewe aliambiwa kwamba zile chale za kitovuni ni dawa ya bandama.

"Bandama yako ni ya ajabu," Xaveria alisema siku moja, akimfulia shati. "Inauma kila baraza linapokaribia."

Yeye alijua. Wanawake wa Omurushaka, walikohamia, walijua yote. Alinyamaza kwa sababu watu waliosaidiwa walikuwa masikini, naye Xaveria alikuwa na roho ya huruma kuliko ya ubishi. Wakati huo, hata hivyo, Placidius hakuwa na hofu yoyote. Hofu ilikuja baadaye na ilikuja imevaa vizuri.

Mzee Kaijage alifariki wakati wa vita. Mutalemwa akafuata muda mfupi baada ya vita kwisha, kwa kichomi, akaacha mabinti tu. Placidius alinyoa nywele pamoja na ndugu wa marehemu, akasimama kaburini pale pale kwenye migomba, akamshika Kokubanza mkono. "Shemeji, mimi nipo," alimwambia. Alisema kweli. Alilia pia, machozi ya kweli, kwa maana alimpenda yule mtu wa kigugumizi kuliko ndugu wengine wote aliowameza.

Kisha siku moja alikuja Cassian Kaijage, mtoto wa mzee yule. Cassian alikuwa mnunuzi wa kahawa, mwenye baiskeli mpya na sauti ya upole. Alikuwa na kesi ndogo ya ng'ombe walioingia shambani kwa jirani, kesi ambayo hata mtoto angeisema. Tena alikuwa na ndugu tele wenye midomo.

"Lakini nakutaka wewe," alisema Cassian. "Baba yangu na wewe mlipigana. Hayo ya wazee yafe nao. Tumeze kahawa, tuwe kitu kimoja."

Hapo ndipo Placidius alipaswa kujiuliza. Mtu asiye na shida ya kusemewa anataka nini kwa msemaji? Lakini alisifiwa, na sifa zilimlevya upesi kuliko rubisi. Tajiri anaitaka damu yangu! Akameza. Nusu ile ya kahawa ilimteleza kooni laini kabisa, na Cassian akamkumbatia kwa nguvu, akatabasamu. Kesi ya ng'ombe ikaisha kwa mazungumzo bila hata kufika barazani.

Cassian, wakati ule kijana, alikuwa barazani mwaka 1938, amekaa nyuma ya baba yake, akiona jinsi ulimi mmoja unavyonyang'anya watu shamba. Alikuwa amejifunza kwamba ulimi wa namna ile hushindwa kwa namna moja tu: uufunge mapema. Munywani hasimami dhidi ya munywani, na kila mzee wa baraza analijua hilo. Placidius ndiye peke yake aliyesahau.

Mwaka 1955 zilikuja habari kwamba halmashauri ya wilaya, kule Bukoba, itapokea wajumbe wa kuchaguliwa na watu, si wale wa kuteuliwa na machifu peke yao. Omurushaka nzima ilijaa maneno. Kwa kuwa Wakili alijulikana kila mahali, jina lake lilitajwa la kwanza. Cassian, ambaye sasa wakulima wa kahawa walimfuata kwa kila jambo, alilitaja kwa sauti kubwa kuliko wote. Placidius hakulala vizuri tangu siku hiyo, kwa furaha. Alijiona Bukoba kwenye meza ndefu, amevaa koti, akisema na Bwana Dii Sii, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, uso kwa uso. Miaka yote alikuwa wakili bila joho, na hiki kiti kingekuwa joho lake. Alikitaka mpaka kikamuuma.

Haikupita muda, Kokubanza akatokea mlangoni pake amefunga kanga kiunoni, miguu ina vumbi la Mabira. Alikataa kukaa.

"Shemeji, Cassian anasema nihame. Anasema kibanja alipewa Mutalemwa peke yake, na Mutalemwa amekufa bila mtoto wa kiume, kwa hiyo kimerudi kwenye nyarubanja ya baba yake. Anasema kile kibuyu cha rubisi kilikuwa kodi. Amepeleka kesi barazani." Akavuta pumzi. "Wazee waliokaa siku ile wamekufa, Mwami yule na karani wake hawapo tena, na wazee wa sasa wanamuuzia yeye kahawa yao. Ukimtoa Cassian, aliyesikia yale maneno ya uzao wa kike amebaki mmoja. Ni wewe."

Placidius alisikia kitu kikigeuka tumboni, hapo hapo karibu na kitovu.

"Nitasema, shemeji," alisema. "Nenda ukapumzike."

Aliporudi ndani alikaa akashika tama. Akisema, atakuwa amemgeuka Cassian, munywani wake, na tumbo litavimba. Asiposema, atakuwa amemgeuka Mutalemwa, munywani wake wa kwanza, na tumbo litavimba vile vile. Alijiambia kwamba yeye ni Mkristo na haamini hayo. Jioni hiyo hakumaliza sahani yake ya ndizi. Asubuhi alijipapasa mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, akajitazama ubavu, akadhani amenenepa. Kila tumbo liliponguruma aligutuka. Njiani alianza kuwakwepa ndugu zake wote, hata wale wasiohusika, maana kila aliyemkumbatia alimkandamiza mahali pale pale.

Alijikaza, akaenda kwa Cassian. Alimkuta anaanika kahawa kwenye mikeka, akamweleza kwa upole kwamba mjane yule ana mabinti, na shamba lenyewe ni dogo, na je, hawezi kumwachia mpaka afe?

Cassian alimsikiliza hadi mwisho. "Munywani wangu," akasema, "mimi nimekuomba useme uongo?"

"Hapana."

"Nimekuomba unisemee?"

"Hapana."

"Basi. Nakuomba ukae tu. Kukaa si dhambi, hata Padri wako hawezi kukataza kukaa." Aliokota punje moja mbovu akaitupa. "Na siku ya kujipanga nyuma ya wagombea, mimi nitakuwa wa kwanza mgongoni mwako. Watu wote wa kahawa watanifuata. Unajua watakakojipanga nikisimama kwingine."

Alisema bila kupandisha sauti hata kidogo. Placidius alirudi Omurushaka akisukuma baiskeli mteremko wote, asikumbuke hata kuipanda. Alikuwa ameshikwa pande zote mbili.

Xaveria alikuwa anamenya ndizi alipofika. Placidius alimweleza yote, pamoja na zile kahawa za miaka yote, akitegemea kwamba mkewe atashtuka. Xaveria aliendelea kumenya.

"Wewe unaamini hiyo kahawa ina nguvu au huamini?"

"Siamini. Mimi ni Mkristo."

"Kama huamini, hakuna kinachokuzuia. Sema."

"Lakini mila, Xaveria. Watu..."

"Haya, tuseme unaamini. Kahawa ya nani ilitangulia?"

Placidius alikuwa amezishinda hoja za watu wazito mbele ya Mwami, na sasa alishindwa na mama mwenye kisu cha ndizi.

"Nikuambie ukweli, baba watoto," Xaveria alisema, na safari hii alimtazama. "Tumbo lako haliogopi kahawa. Linaogopa kukosa kiti."

Placidius alikasirika. Alibamiza mlango, akatembea mpaka mwisho wa maduka na kurudi, akisema peke yake kwamba wanawake hawajui siasa. Halafu akatulia, akaona aibu, na hasira yote ikageuka tena kuwa woga. Siku za kungoja baraza zilikuwa nzito kuliko kesi yoyote aliyowahi kushika. Aliomba mvua inyeshe daraja libebwe. Aliomba Mwami augue. Siku moja aliomba hata Kokubanza akate tamaa mwenyewe, kisha akashtuka kusikia anavyoomba, akaacha kusali kabisa.

Mvua haikunyesha na Mwami hakuugua. Siku ya baraza Kokubanza alikuwa amefika mapema, amekaa chini kwenye nyasi, amenyosha miguu mbele, kando yake binti yake mkubwa Adventina. Ndiye aliyekuwa mimba mwaka 1938. Sasa alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Cassian alisema machache. Alieleza habari za kibuyu cha rubisi, na habari za mtu kufa bila mrithi wa kiume. Hakumtukana mtu. Mwami akamgeukia Kokubanza, akamwuliza nani atamsemea.

"Shemeji yangu Placidius," Kokubanza akasema. "Ni ndugu wa damu wa mume wangu. Nililichuma tunda mimi mwenyewe."

Macho yote yakaja kwake. Placidius aliinuka. Alikuwa ametayarisha hotuba mbili njiani, moja ya kusema na moja ya kunyamaza, na mpaka anasimama hakujua ni ipi itakayotoka. Alimwona Cassian akitazama kucha zake kwa utulivu. Nyuma ya Cassian aliwaona wakulima wa kahawa, wamekaa mstari mrefu, kama tayari wamejipanga.

"Waitu Mwami," akaanza, na sauti yake ikamshangaza kwa jinsi ilivyokuwa nzuri, "wote wawili walioko mbele yako ni watu wangu. Marehemu nilimeza kahawa yake, na Cassian nilimeza kahawa yake. Nikisema upande huu nimeua upande ule. Mila inanifunga mdomo."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akanong'ona kwamba huyu ndiye mtu wa kupelekwa Bukoba, mtu anayejua kuheshimu mila. Placidius alitaka kuketi, na magoti yalikuwa yameanza kukunjika.

"Mwami," Kokubanza akasema, "kama hawezi kunisemea, sawa. Namwomba neno moja tu, ambalo halimtii mtu hatiani. Aulizwe kama anakumbuka wazee walivyosema siku ile juu ya uzao wa kike."

Mwami akakubali kwamba swali ni halali. "Placidius, unakumbuka?"

Alikumbuka. Alikumbuka mzee yupi alilitamka na jinsi alivyokuwa ameshika fimbo yake. Alikumbuka kwamba maneno yale aliyatunga yeye mwenyewe.

"Siku nyingi zimepita, waitu," akasema, na akaketi.

Kokubanza hakulia wala hakumlaani. Alimtazama tu, kwa mshangao wa mtu aliyeita jina njiani na kukuta amefananisha. Adventina akamsaidia kuinuka. Kesi ikaamuliwa kabla ya jua la utosi, na mjane akaamriwa kuondoka, mibuni ikiwa imejaa matunda mekundu ambayo mwingine angeyachuma. Kaburi la Mutalemwa likabaki kwenye migomba ya Cassian.

Siku ya kuchagua, watu walijipanga nyuma ya wagombea uwanjani, na Cassian, kama alivyoahidi, alikuwa wa kwanza mgongoni mwa Placidius. Mstari ulikwenda mpaka barabarani. Walimbeba juu juu. Wake kwa waume walipiga vigelegele, na Placidius huko juu alishika tumbo kwa mikono miwili.

Halikuvimba. Alingoja wiki ile na mwezi ule. Alingoja masika. Alikula vizuri, akalala Bukoba katika nyumba ya wageni ya serikali, akavaa koti, akasema na Bwana Dii Sii uso kwa uso, na tumbo likabaki shwari kabisa. Ungedhani angefurahi. Yeye alipata hofu mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza. Kama kahawa haina nguvu, basi hakuna kilichomfunga mdomo siku ile. Alinyamaza mwenyewe. Kuna asubuhi alizojitazama kwenye kioo na kutamani aone uvimbe hata kidogo.

Halmashauri ilimjua kama mtu mkali. Kila kikao alisimama juu ya wajane wa nyarubanja, mpaka wenzake wakaanza kukohoa alipoinua mkono. Alitaka baraza lolote lisiruhusiwe kumtoa mjane kwenye kibanja alichokaa na mumewe, awe na mtoto wa kiume au asiwe naye. Wakubwa wenye mashamba walimkunjia uso. Cassian mwenyewe alimwuliza, kwa upole ule ule, kama ameanza kugeuka. Placidius akamjibu kwamba hasemi juu ya kesi iliyokwisha. Aliposema hivyo aliona jinsi anavyomuuma mtu na kumpuliza, na hakujua ni nani anayepulizwa. Wengine walisema Wakili ana moyo wa dhahabu. Xaveria aliyasikia hayo sokoni, akanunua chumvi yake akaenda zake.

Kamuli, alikozaliwa, hakwenda tena. Alisema ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba Adventina alikuwa ameolewa huko, na Kokubanza alikuwa amehamia kwa binti yake.

Mwaka 1958, baada ya mabishano marefu, halmashauri ilipitisha pendekezo lake ili lipelekwe serikalini. Halikuwa sheria bado, lakini lilipita, na wajumbe walimpigia makofi. Placidius alitoka pale machozi yakimlengalenga. Alidandia lori la kwanza la kurudi Omurushaka, hakuingia nyumbani, akachukua baiskeli akaenda moja kwa moja mpaka Kamuli. Njia nzima alirudia maneno atakayosema, kama zamani alivyorudia hoja za kesi.

Kokubanza alikuwa uani anachambua maharage. Alikuwa amezeeka. Migomba iliyomzunguka ilikuwa ya mkwewe.

"Shikamoo, shemeji," alisema Placidius, ingawa yeye ndiye mkubwa kwa umri.

"Karibu, shemeji. Karibu ukae."

Alikaa kwenye kigoda. Alimweleza habari za vikao, za wakubwa waliokasirika, za makofi. Alisema kwamba sasa, serikali ikikubali, mjane wa Karagwe hatatolewa kwenye migomba ya mumewe. Alisema haraka haraka, hakumpa nafasi ya kuingilia, na alipomaliza alikuwa anahema.

Kokubanza alikuwa ameacha kuchambua. "Ni jambo zuri," alisema. "Kwa hiyo mimi nitarudi Mabira?"

Placidius alitazama chini. "Hapana, shemeji. Haligusi kesi zilizokwisha."

"Eeh." Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira. "Nilidhani labda nitazikwa na Mutalemwa."

Akainuka, akaingia ndani. Placidius alisikia vyombo vikigongana, akatamani kukimbia, lakini mgeni haondoki kabla hajapewa kahawa. Kokubanza alirudi na kikapu kidogo cha kahawa kavu za kutafuna, zile zinazowekwa mbele ya kila mgeni katika nchi yetu. Alichukua moja akatafuna kwanza, kama desturi, kuonyesha kwamba hazina sumu. Kisha akamsogezea kikapu.

Placidius alinyosha mkono. Vidole vikaishia hewani juu ya kikapu, na mkono wa pili, bila yeye kuutuma, ukaenda tumboni.

Kokubanza aliuona mkono ule. Alimngoja kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayemtoa mgeni wasiwasi:

"Kula tu, shemeji. Hizi nimenunua gulioni. Hazina damu ya mtu."